Kishikwambi cha jikoni: mwongozo kamili wa kupanga mambo ya familia kwenye skrini moja

Katika nyumba nyingi kumbukumbu ya familia nzima imekaa kichwani mwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Yeye ndiye anayejua kliniki ya mtoto ni lini, gesi ilibadilishwa wiki gani, ada ya awamu ya pili inadaiwa kiasi gani, mchezo wa kuchangishana pesa wa Jumamosi ni zamu ya nani, na maharage ya kesho yamelowekwa au bado. Akienda msibani siku tatu tu, simu yake haipumziki. "Mama, uniti zimebaki ngapi?" "Mama Asha, yule fundi bomba alisema anakuja lini?" Mwongozo huu unaonyesha namna ya kumpunguzia mzigo huo na kuuweka ukutani jikoni, mahali ambapo kila mmoja wa nyumbani hupita, kwa kutumia kishikwambi cha kawaida cha Android.

Wazo la kompyuta ya jikoni ni la zamani. Mwaka 1969 duka la Neiman Marcus la Marekani liliweka kwenye katalogi yake kompyuta ya Honeywell ya kupangia mapishi, kwa dola 10,600, bei ikijumuisha mafunzo ya wiki mbili. Mpishi alitakiwa kuiamuru kwa swichi na kusoma majibu kwenye safu ya taa ndogo. Haijulikani kama hata moja iliwahi kununuliwa kwa ajili ya jiko, na sababu haifichiki: ilimwongezea mpishi kazi. Kipimo hicho nakitumia mpaka leo. Kitu chochote ambacho kukiandika kwenye skrini kunachukua muda mrefu kuliko kukiandika kwenye karatasi, familia itakiacha ndani ya mwezi.

Kuchagua kifaa

Kishikwambi chenye skrini ya inchi 10 kinasomeka ukiwa umesimama hatua mbili au tatu mbali, nayo ndiyo faida kubwa ya jikoni, kwa kuwa mtu anaweza kutazama bila kuacha sufuria. Cha inchi 8 kinafaa jiko dogo. Tafuta chenye RAM ya GB 3 au zaidi na Android isiyo chini ya toleo la 9. Matoleo ya zamani sana yanaleta shida: mwaka 2023 Google iliacha kuhudumia Android 4.4, na vishikwambi vya enzi hiyo bado vinauzwa kwa bei ya kuvutia.

Kama una cha zamani kabatini, anza nacho. Ukinunua kilichotumika, iwe Kariakoo mtaa wa Aggrey au Nairobi barabara ya Luthuli, usilipe kabla ya kukiona kikifutwa chote na kuwashwa upya mbele yako. Kikiomba akaunti ya mtu mwingine baada ya kufutwa, kirudishe. Mwenyewe hajajitoa na hutaweza kukitumia. Chomeka chaja, hakikisha inashika barabara bila kulegea, kisha kitazame kwa ubavu. Kioo kilichoinuka hata kidogo ni dalili ya betri iliyovimba.

Kuna wanaopendelea kompyuta ya mezani yenye skrini ya kugusa. Ni nzuri, lakini umeme ukikatika nayo inazimika, tena inakula nafasi ya meza ambayo jiko linaihitaji. Kishikwambi kina betri yake, na jambo hilo kwetu lina uzito.

Mahali pa kukiweka

Adui wa kifaa hiki ni mvuke, mafuta, moshi na joto. Kiweke angalau mita moja kutoka kwenye jiko na kwenye sinki, kisiwe juu ya birika la umeme wala ukuta unaopigwa na jua la mchana. Watengenezaji wengi wanataka kifaa kitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na jiko la Dar es Salaam mwezi Januari linaweza kufika hapo hata kabla hujawasha moto. Kama mnapikia mkaa ndani, kiweke kwenye korido au ukuta wa sebuleni ulio karibu na mlango wa jiko. Masizi huingia kwenye tundu la chaja na kuliharibu.

Sehemu nzuri kuliko zote ni karibu na mlango ambao watu hutokea na kuingilia. Mtu anayetoka kwenda dukani anaitupia jicho orodha, na mtoto anayerudi shule anaona zamu yake.

Kuhusu urefu, usipime kwa macho ya baba. Kitovu cha skrini kikiwa kama mita 1.3 kutoka sakafuni, mtoto wa darasa la tatu anaifikia na bibi hahitaji kuinua shingo.

Fundi seremala anaweza kukutengenezea fremu ya mbao yenye ukingo wa kukishikilia chini na uwazi nyuma ili hewa ipite. Mwambie aache kishikwambi kiweze kuchomolewa kwa mkono mmoja, maana utahitaji kukikagua. Kabla ya kutoboa ukuta, kumbuka kuwa nyaya za umeme kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye soketi na swichi. Toboa mbali na mistari hiyo. Kama nyumba ni ya kupanga, achana na drili. Kava yenye mguu wa kusimamia, juu ya rafu, inatosha kabisa.

Umeme na betri

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kishikwambi kinachochomekwa usiku na mchana hukaa kimejaa asilimia 100 muda wote, na kujaa pamoja na joto ndiko kunakoivimbisha betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri uone kama kuna sehemu ya kulinda betri, ambayo huzuia chaji isizidi asilimia 80 au 85. Samsung na makampuni mengine wameiweka kwenye vifaa vyao vingi vya karibuni. Kama haipo, nunua soketi yenye saa ya kuzungusha, ile inayojiwasha na kujizima, uiweke ichaji saa chache asubuhi na chache jioni. Kama hiyo nayo haipatikani, mkabidhi mtu mmoja kazi ya kuchomeka chai inapopikwa na kuchomoa watoto wakishaondoka.

Usiogope bili. Tuseme kishikwambi kinakula wastani wa wati 5: kwa saa 24 na siku 30, hizo ni uniti 3.6 kwa mwezi, na kikizimwa usiku zinapungua. Hofu ya kweli ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Pitisha chaja kwenye kilinzi cha umeme, kama kile cha friji.

Kukitayarisha

Kifute chote kwanza, kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Kisha fungua akaunti mpya ya Google kwa jina la familia, isiyo ya baba wala ya mama. Hili ni la lazima. Skrini iliyo wazi jikoni haitakiwi kuwa na barua pepe ya mtu, picha za mtu, wala programu ya benki au ya pesa ya simu. Nambari ya kurejeshea akaunti iwe ya mmoja wa wazazi, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Chagua Kiswahili kuwa lugha ya kifaa ikiwa ndiyo lugha ya nyumba. Ondoa au zima programu zote zisizohitajika: michezo, video, mitandao ya kijamii. WhatsApp usiiweke, hata kama inaonekana kuwa na faida, kwa sababu arifa za makundi zitaifunika kalenda na mazungumzo ya watu yatasomwa na kila mgeni. Zuia programu zisijisasishe kwa bando la simu. Kalenda na orodha zinatumia data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video na masasisho. Tena kalenda na orodha zinafanya kazi bila mtandao: mnaandika, na zikipata intaneti, hata ya hotspoti ya simu jioni, zinajilinganisha.

Ili skrini isijizime kila dakika, fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya kifaa, gusa nambari ya muundo mara 7 mfululizo. Itatokea sehemu mpya ya wasanidi programu, na ndani yake kuna swichi ya kuiacha skrini ikiwaka wakati wa kuchaji. Punguza mwanga wake hadi kiasi cha kusomeka tu. Kisha, kwenye mipangilio ya usalama, washa kipengele cha kubandika programu kwenye skrini. Kalenda ikishabandikwa, mtoto hawezi kutoka humo akaingia kwingine bila nambari ya siri. Ubaya wake ni kwamba kuhama kutoka kalenda kwenda kwenye orodha kunakuwa na hatua za ziada. Nyumba yenye watoto wakubwa haina haja nacho.

Kalenda

Fungua calendar.google.com kwenye kompyuta kwa akaunti ya familia, kwa kuwa kazi ya kutengeneza kalenda ni nyepesi zaidi huko. Tengeneza kalenda chache zenye rangi tofauti. Watu wengi humpa kila mtu rangi yake. Kwa familia ya watu wanne inafaa. Kwa nyumba ya watu wanane, pamoja na shangazi na binamu waliokuja kusoma, inageuka kanga. Kwa nyumba hiyo napendekeza rangi kwa mambo: shule, afya, pesa, jiko, na wageni na safari. Mtu akitaka kujua kama wiki hii kuna malipo, anatafuta rangi moja tu.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kila kalenda, tafuta sehemu ya kushiriki na watu mahususi, weka barua pepe ya kila mzazi na kijana mwenye simu, na uwape ruhusa ya kubadilisha matukio. Kuanzia hapo anayeandika kwenye simu akiwa kwenye daladala, maandishi yake yanatokea jikoni. Kwenye kishikwambi chagua mwonekano wa ratiba, ule unaoorodhesha mambo kwa siku, badala ya ule wa mwezi mzima, ambao maandishi yake hayasomeki kwa mbali.

Sasa suala la saa, ambalo miongozo ya ughaibuni haiwezi kukusaidia. Kalenda hata ikizungumza Kiswahili, inahesabu kuanzia usiku wa manane. Dada anayekusaidia kazi akiambiwa "kliniki saa 3" akaandika 3:00, kengele italia alfajiri na kliniki itapita. Dawa ni mambo mawili. Kwanza, weka saa ya kifaa kwenye mfumo wa saa 24, ili 09:00 na 21:00 zisichanganywe. Pili, saa ya Kiswahili iandikwe ndani ya jina la tukio: "Kliniki ya Juma, saa 3 asubuhi". Kanuni ya kubadilisha ni kuondoa 6, na jibu likizidi 12 ondoa 12 tena. Hivyo 13:00 ni saa 7 mchana, na 21:00 inakuwa 15, ukiondoa 12 unapata saa 3 usiku. Kwa saa za alfajiri, kama 05:00, ongeza 6: saa 11. Bandika karatasi yenye mifano hii pembeni ya skrini kwa mwezi wa kwanza.

Kuna na usiku wenyewe. Kwa watu wengi wa pwani, usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa, lakini kwa kalenda ya simu ni Alhamisi. Mkialikwa hitma au maulidi, muulizeni aliyewaalika, kisha andikeni siku kama kalenda inavyoihesabu. Sikukuu za Idi nazo zinazokuja tayari kwenye kalenda ni za makadirio ya hesabu. Ongezeni "mwezi ukiandama" kwenye jina la tukio, na msilipie safari kwa kuitegemea tarehe hiyo.

Mambo ya kuingiza mapema, kwa kukaa mara moja na kadi zote mezani:

- Chanjo za mtoto. Nchini Tanzania na Kenya mtoto hurudi kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Tarehe ya kufuata ni ile muuguzi aliyoiandika kwenye kadi.
- Kufunga na kufungua shule, siku za mitihani, na tarehe za awamu za ada. Ada iwekewe kikumbusho wiki mbili kabla, ili pesa itafutwe mapema.
- Zamu za mchezo au marejesho ya kikoba, kwa tukio linalojirudia.
- Bima, leseni na kodi ya nyumba.

Ndugu wa mbali wanaweza kuongezwa pia. Shangazi aliyeko Muscat, ambako saa iko mbele kwa saa moja, ataona mazungumzo ya familia ya Jumapili kwa saa ya kwake bila mtu kumpigia hesabu.

Orodha ya sokoni na ratiba ya chakula

Kwa orodha, Google Keep, programu ya Google ya kuandikia madokezo, inatosha. Tengeneza orodha zenye visanduku vya kuweka alama, na uzigawe kulingana na mahali pa kununulia: sokoni, gengeni, dukani kwa Mangi, buchani. Orodha moja ndefu inamlazimu mtu aliyesimama mbele ya bucha kuisoma yote. Ongeza washiriki kama ulivyofanya kwenye kalenda. Baba akipita sokoni anaona vitunguu vimekwisha, na akishanunua anagusa kisanduku; mwingine hanunui tena.

Vidole vyenye maji au mafuta havielewani na skrini ya kugusa, na matone ya maji yanaweza kuigusa yenyewe. Ndiyo maana mikono ikiwa kwenye unga wa chapati, sauti ni bora. Kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili kinachosemwa tangu mwaka 2017. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, gusa alama ya maikrofoni kwa kiwiko au kifundo cha kidole, sema "mchele kilo tano". Inahitaji ukimya kidogo. Redio ikiwa juu itaandika na taarifa ya habari.

Ratiba ya chakula isiwe ya kupamba. Andika mlo mkuu wa siku tu, na uweke nguvu kwenye vikumbusho vya maandalizi, kwa kuwa huko ndiko chakula hukwama. "Loweka maharage" 21:00 ya siku moja kabla. "Toa nyama kwenye friza" 06:30. "Kuna nazi ya pilau ya Ijumaa?" Alhamisi mchana. Mwezi wa Ramadhani tengeneza kalenda yake ya muda, yenye daku na futari na nani anafuturu kwa nani, kisha uifiche mwezi ukiisha.

Uniti na gesi

Hii ndiyo sehemu inayorudisha gharama. Kila Jumapili jioni mtu mmoja asome mita na kuandika uniti zilizobaki. Mfano: Jumapili iliyopita zilikuwa 90, leo ni 62, na katikati hamkununua. Mmetumia 28, yaani 4 kwa siku. Kwa mwendo huo 62 zitafika siku 15. Weka kikumbusho cha kununua siku ya 12. Mkiona wiki moja imeruka kutoka 28 hadi 40, ulizeni mapema: pasi, hita ya maji, au mlango wa friji usiofunga vizuri. Tokeni zenye tarakimu 20 zibandikwe hapo pia mpaka ziingizwe, ili aliyeko nyumbani asisubiri kusomewa kwa simu.

Mtungi wa gesi ukibadilishwa, andika tukio siku hiyo hiyo: "Gesi mpya, kilo 15". Baada ya mitungi mitatu mtaujua muda wake kwa nyumba yenu, na kikumbusho kinaweza kutangulia siku 5. Kuishiwa gesi saa 1 usiku wageni wakiwa sebuleni ni jambo linalozuilika.

Yasiyofaa kuandikwa ukutani

Skrini hii inaonwa na fundi, jirani, na muuza maziwa. Andikeni "dawa ya bibi, saa 2 usiku" bila jina la ugonjwa. Viwango vya mishahara, madeni na nywila havina nafasi hapo. Safari ya familia nzima msiiandike "nyumba itakuwa tupu". Jina la mji linatosha, na skrini isitazame dirisha.

Na dada wa kazi ahesabiwe kuwa mwenye skrini kama wengine. Yeye ndiye yuko jikoni saa nyingi kuliko wote. Afundishwe kwa utulivu, aruhusiwe kuongeza na kufuta, na siku yake ya mapumziko iandikwe kwenye kalenda kwa rangi inayoonekana, isipangiwe kazi.

Kuizoesha familia

Wiki mbili za kwanza tumieni kalenda na orodha moja tu. Baada ya chakula cha Jumapili kaeni dakika kumi mbele ya skrini, mpitie wiki inayokuja, kila mtu aseme la kwake. Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: mwenye habari ndiye anayeandika. Mtoto aliyeambiwa shuleni alete karatasi za manila aandike mwenyewe. Baba aliyepigiwa kuhusu kikao cha harusi aandike mwenyewe. Mama akigeuzwa kuwa karani wa kuingiza mambo ya wote, mzigo umerudi palepale.

Zamu za kazi za watoto, kuosha vyombo, kufagia uwanja, kumwagilia maua, zikae kwenye orodha ya Keep inayorudiwa: wiki ikiisha mnaondoa alama zote kwa mguso mmoja na kuanza upya.

Utunzaji

Kila wiki futa kioo kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa na kuchomolewa. Usinyunyizie dawa ya madoa moja kwa moja, wala usitumie sabuni ya unga, inakwaruza. Kila mwezi kichomoe kwenye fremu, kipapase mgongo. Ukihisi joto lisilo la kawaida au uvimbe, acha kukichaji siku hiyo hiyo, usikibonyeze wala kukitoboa, kiweke mbali na moto na watoto, umpelekee fundi wa simu mzoefu. Betri hiyo haitupwi jalalani wala kuchomwa pamoja na taka.

Kifaa kikifa, hamjapoteza kitu, kwa sababu kila kilichoandikwa kimo kwenye akaunti ya familia. Mnaingia kwa neno la siri lile lililo pamoja na vyeti kwenye kishikwambi kingine, na baada ya dakika chache ratiba yote inarudi. Cha zamani, kama bado kinawaka, kiondoeni akaunti kwanza kupitia mipangilio, kisha kifuteni chote kabla ya kumpa au kumuuzia mtu.